Minyaa ya Mzee Sichone

Gwantwa hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Alilima maharage Ileje miaka kumi na minne, akamzika mume, akasomesha watoto. Lakini asubuhi hiyo, kwenye kiwanja cha kwanza alichotaka kununua Tunduma ili ajenge vyumba viwili vya kupangisha, mkono ulioshika kalamu ulimtetemeka kama mwenye homa.

Kila kitu kilimtisha. Mkataba ulimtisha kwa kuwa uliandikwa haraka haraka. Gasper, dalali wake, alimtisha kwa kuwa alicheka mno. Majirani wa kushuhudia mauziano hawakuwepo. Eti wote wamevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

“Usiogope, mama,” alisema Mzee Sichone, mwenye kiwanja. “Mpaka ndio huo, ua wa minyaa. Minyaa hiyo aliipanda marehemu baba, mimi nikiwa mtoto. Tunaipunguza tu kila mwaka.”

Gwantwa akajisuta moyoni: wenzako wanajenga, wewe unatetemeka! Akainama kutia saini. Kizunguzungu kikamshika, akashika mnyaa wa karibu asianguke.

Mnyaa ukang'oka, ukabaki mkononi mwake. Chini ulikuwa umekatwa kwa panga, utomvu bado mbichi, hauna hata uzi mmoja wa mzizi.

Gasper akaacha kucheka.

Gwantwa alikuwa bado anatetemeka alipomkabidhi mzee mti wake.

“Pole na msiba, mzee,” alisema. “Kumbe marehemu alikuwa hai mpaka jana.”