Mwalimu Aliyezitiisha Kurasa za Kompyuta

Scholastika alikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa waliofunzwa haraka kwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na watu hawakumwacha asahau. Alimaliza darasa la saba, akafunzwa ualimu akiwa kazini, akapangiwa shule ya kijiji cha Kibimba, ambako chumba kimoja kilipokea darasa la kwanza asubuhi na darasa la pili mchana. Baadaye Sista Evarista, msimamizi wa hospitali ya misheni, alimwomba aje kutunza kadi za wagonjwa wa kifua kikuu. Mwandiko wake ulisomeka, tena hakuandika asichokiona. Sifa hii ya pili ni adimu kuliko ya kwanza.

Mwaka 1984 daktari aliyemaliza mkataba aliiachia hospitali kompyuta yake ndogo ya nyumbani. Scholastika alisoma kitabu chake cha maelekezo cha Kiingereza kwa kamusi, neno kwa neno, miezi minane. Lakini wagonjwa walikuwa mia tisa, na kumbukumbu ya mashine haikuwatosha. Jimbo Katoliki likaleta habari: Ijumaa Padri Privatus, mkaguzi wake, angekuja kukagua, na kama mashine haiwezi kubeba wagonjwa wote, ingehamishiwa Bukoba. Kwa Scholastika maana yake ilikuwa kurudi kwenye masanduku ya kadi, ambamo mgonjwa aliyeacha dawa hugunduliwa akiwa tayari anatema damu.

Anastazi, fundi wa hospitali, akapachika kibao cha kumbukumbu ya ziada. Jumatatu kikafanya kazi. Jumanne kioo kikajaa madoa, na mashine ikaganda.

"Kibao kimekufa," alisema Anastazi. "Vita vya Kagera nilibeba redio mgongoni toka Mutukula mpaka Kampala. Kitu kilichokufa nakijua."

"Jana kilikuwa kizima, Fundi."

"Hata marehemu jana alikuwa mzima. Ndiyo shida ya ualimu pasipo elimu, mnabishana na chuma."

Scholastika alivuta kiti mbele ya mashine. Alijiuliza swali ambalo wenye kiburi hulikwepa: tangu jana, mimi nimebadilisha nini? Alikuwa ameongeza maagizo ya kuwatafuta walioacha dawa. Programu ilikuwa imerefuka, basi.

Akachukua karatasi, akachora. Mashine ile ilijua kuhesabu anwani 65,536 tu, yaani namba za nafasi za kumbukumbu. Hata ukiiongezea kumbukumbu mara mbili, haina namba za kuiitia hiyo ya ziada. Kwa hiyo kibao hufanya ujanja. Sehemu moja ya anwani, kama elfu kumi na sita, hugeuzwa kuwa chumba cha zamu. Ukipeleka amri, kipande cha kumbukumbu kilichomo, kiitwacho ukurasa, hutoka na mwingine huingia, ukiketi kwenye namba zilezile. Darasa la kwanza linatoka, la pili linaingia, madawati ni yaleyale. Kazi hiyo alikuwa ameifanya Kibimba miaka sita.

Na mwenye kuamuru watoke, yeye ameketi wapi?

Alihesabu anwani kwa kidole. Programu ilipokuwa fupi, iliishia nje ya chumba. Iliporefuka, mkia wake uliingia ndani, na amri ya kubadili ukurasa ilikuwa mkiani. Ilipotekelezwa, ilijitoa yenyewe chumbani. Mashine ilipotafuta agizo linalofuata, ilikuta majina ya wagonjwa, ikayatii kana kwamba ni maagizo. Ingeachaje kuwehuka?

Alikwenda kwa Sista Evarista. "Sista, kosa ni langu. Kibao ni kizima."

"Ungeweza kunyamaza tu ukatengeneza, Mwalimu."

"Fundi angebaki anakitukana kibao bure."

Sista alicheka, akaagiza jenereta iachwe ikiwaka mpaka saa kumi alfajiri.

Scholastika aliyaandika upya maagizo ya zamu, akayaweka chini, kwenye kumbukumbu isiyobadilishwa kamwe. Akayapa nidhamu: lete ukurasa, nakili kadi moja nje ya chumba, rudisha ukurasa wa mwanzo, ndipo utoke. Alhamisi mashine iliganda mara mbili zaidi. Mara zote mbili alikuta amesahau kurudisha.

Ijumaa Padri Privatus alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. "Nitafutie Nyirabahizi wa Kibimba."

Kadi ilitokea kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Yumo ukurasa wa tatu, na hajachukua dawa miezi miwili.

"Wengine kama yeye?"

Kurasa nne zikapokezana. Majina yakaanza kupanda kiooni, kila moja na kijiji chake, Kirushya, Kibimba, Kirushya tena, na mashine haikuganda. Yalipokoma yalikuwa thelathini na moja. Padri aliomba orodha irudiwe. Ikarudiwa, thelathini na moja yaleyale.

"Shule gani hiyo uliyosoma?" aliuliza.

"Darasa la saba, Padri."

Anastazi alikohoa. "Na kibao nilikifunga mimi," alisema, "na mashahidi wapo."

Padri aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake: mashine ibaki hapa, chini ya Mwalimu Scholastika. Naye Scholastika alikuwa ameshainama, ananakili majina kwa mkono, kwa maana muuguzi wa Kibimba alikuwa nje ameshika baiskeli, akisubiri orodha awafuate, na Nyirabahizi alikuwa bado hai.