Mipira Saba ya Tinga la Usenge

Mukhwana alikuwa ametoka Ahero, siku mbili mgongo chini akitengeneza mashine ya kuvuna mpunga. Alikuwa ameketi kitandani kwake Nyalenda, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado, simu ilipolia.

"Fundi, lile tinga la kuchimbia mtaro Usenge linavuja," alisema Ogola, msimamizi wa kampuni ndogo ya ujenzi. "Mipira ya kupitishia oili imechoka kabisa. Tukijaza asubuhi, ikifika saa sita mkono wa kuchimba hauinuki."

"Si nilikuambia mwezi wa nne uibadilishe yote?"

"Ndio hiyo sasa nakuita, mzee wangu. Nitakupitia kesho asubuhi."

Nasipwondi, mkewe, alikuwa mlangoni akimsikiliza. "Waambie kesho kutwa," alisema. "Jiangalie. Hata kiatu kimekushinda."

"Kesho kutwa kutakuwa na lingine," Mukhwana alisema, akainama tena kukitoa kile kiatu.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kazi hii alijifunza kwenye kiwanda cha sukari, akaifanya huko hadi kiwanda kilipofungwa, kisha akahamia Kisumu na sanduku la spana na jina zuri. Jina lenyewe ndilo lililokuwa likimmaliza. Kila tinga lililokwama kuanzia Kisumu hadi mpakani lilikuwa lake, na mabega yake yalikuwa yameanza kulia usiku kama bawaba zisizo na grisi.

Asubuhi Ogola alimpitia na pikapu. Mukhwana alisinzia njia nzima, kichwa kikigonga kioo, akaamshwa na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Tinga lilikuwa limesimama karibu na ufuo wa Usenge, mahali lilipokuwa likichimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali na uwanja wa kuanikia samaki. Mkono wake wa nyuma, ule wa kuchimba, ulikuwa umelala juu ya udongo, na chini yake palikuwa na dimbwi jeusi la oili. Hatua chache kutoka hapo, omena ilikuwa imetandazwa juu ya nyavu, ikimetameta.

Mama mmoja aliyekuwa akiigeuza kwa fagio alinyoosha mgongo. Walimwita Mama Adero.

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza. "Yaye, hiyo mashine yenu inatukojolea omena. Jana nimetupa karai mbili. Nani atanunua omena ya kunuka gereji?"

"Leo itaacha, Mama," alisema Mukhwana.

"Hata jana walisema leo."

Mukhwana aliteremsha sanduku lake la spana. Dereva wa tinga, kijana mrefu wa miaka thelathini hivi aitwaye Owiti, alisalimia kwa mbali, mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Mukhwana alimwambia alaze ndoo ya kuchimbia vizuri chini na kuzima injini, kisha asukume vishikio vya kuendeshea mkono wa tinga mbele na nyuma mara kadhaa, presha iliyobaki kwenye mipira itoke. Owiti alipanda, akafanya hayo yote kwa mkono wa kushoto, akashuka.

Mukhwana aliingia kazini. Mipira ilikuwa saba, myeusi, minene kama mkono wa mtoto, mingine imepasuka ngozi ya nje hadi nyaya za ndani zikaonekana zina kutu. Alifungua mmoja mmoja, akaziba midomo ya vyuma kwa vitambaa safi ili mchanga usiingie, akafunga kila mpira kikaratasi cha namba. Mipya ingetengenezwa Kisumu kwa kipimo cha hii ya zamani. Nati zilikuwa zimegandamana. Kila alipovuta spana, bega lilimchoma.

Na Owiti amesimama tu, mkono mfukoni. Mukhwana alimwona kwa pembe ya jicho na akakasirika kimoyomoyo. Vijana wa siku hizi, alijisemea, kazi yao ni kushika usukani. Saa nzima na nusu ilipita hivyo. Hakumwangalia usoni hata mara moja.

Nati ya mpira wa mwisho ilikataa kabisa.

"Njoo ushike spana hii," alisema. "Kwa mikono miwili."

Owiti alisita. Kisha akatoa ule mkono mfukoni.

Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba kama ndizi ya kisukari, ngozi imevutika inang'aa, weupe umechanganyika na samawati, na uvimbe ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye kiganja. Kwenye ncha palikuwa na kitundu kidogo, si kikubwa kuliko cha sindano ya kushonea.

"Hiyo ni nini?"

"Nafikiri ni mwiba, mzee. Haikutoka hata damu."

"Mwiba wa wapi?"

Owiti aliangalia mipira iliyolala chini. "Jana jioni nilikuwa natafuta pale inavuja. Nikapitisha mkono hivi, polepole, nisikie. Nikasikia kitu kimenidunga."

"Injini ikiwaka?"

"Ikiwaka."

Mukhwana aliiweka spana chini. Akaketi juu ya gurudumu.

Miaka kumi na tisa nyuma, kule kiwandani, yeye akiwa kiongozi wa zamu, fundi mwenzake Wesonga alimjia akamwonyesha kitundu kama hicho. Mukhwana akacheka. Akamwambia nenda nyumbani, pumzika, kesho utakuwa sawa. Wesonga akaenda, akameza dawa za maumivu siku tatu. Siku ya nne walimkata mkono kwenye kiwiko. Sasa alikuwa analima vitunguu kwao Kimilili, na kila walipokutana kwenye matanga alimsalimia Mukhwana vizuri tu, kwa mkono uliobaki. Hajawahi kumlaumu. Afadhali angemlaumu.

"Ogola!" aliita. "Washa gari. Tunaenda hospitali."

Ogola alikuja akakitazama kidole. "Hiki? Si atapitia duka la dawa jioni? Fundi, mvua ni wiki hii. Mtaro lazima uishe."

"Sikiliza. Oili ikitoka kwenye kitundu cha mpira, ina presha ya kupasua mbao. Iliingia hapo, sasa iko ndani, inakula nyama. Tangu jana. Kama huwashi gari, nipe ufunguo."

"Na tinga?"

"Tinga litakaa."

Hakuwa amepaza sauti, lakini Mama Adero na wenzake waliacha kufagia. Ogola akawasha gari.

Katika hospitali waliyofikia Bondo, foleni ilijaza mabenchi. Mukhwana hakupanga. Alimshika Owiti kwenye kiwiko, akapita hadi mlangoni, watu wakinung'unika nyuma yake, akasimama mbele ya daktari msichana aliyeandikwa jina Debra kwenye koti.

"Daktari, samahani. Huyu amedungwa na oili ya mashine, ya presha. Inaonekana ndogo lakini si ndogo. Nimeona mtu akipoteza mkono."

Debra alikigusa kidole, Owiti akauma meno. "Sijawahi kukutana na hii," alisema bila haya. "Ngoja nipige simu."

Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. "Anaenda Kisumu sasa hivi. Lazima afunguliwe mkono, uoshwe ndani. Asile chochote."

Ndani ya ambulensi Owiti alitazama dirishani mpaka Bondo ilipobaki nyuma. Kisha akauliza, "Mzee, nitaendesha tena?"

Mukhwana aliutazama ule mkono. "Sijui," alisema. "Lakini tumewahi kuliko mwingine niliyemjua." Baadaye kidogo akaongeza, "Ningekuangalia vizuri asubuhi, tungewahi zaidi. Nilikuona umesimama nikadhani ni uvivu."

"Mimi ndiye nilificha, mzee. Niliogopa atapewa mtu mwingine tinga."

"Hata hivyo," alisema Mukhwana.

Ogola alirudi Usenge, akaufungua ule mpira wa mwisho, akaileta yote saba Kisumu kwa pikapu. Kesho yake Mukhwana aliipeleka kwenye duka la mipira karibu na stesheni ya zamani, akasimama akitazama kila kichwa cha chuma kikibanwa kwa mashine, akapima kila mmoja mara mbili. Keshokutwa yake alirudi Usenge. Alifunga mipira yote saba kwa spana mbili, moja ikishika na nyingine ikikaza, mpira usijikunje. Akajaza oili, akawasha injini polepole, akainua na kushusha mkono wa tinga mpaka hewa yote ikatoka. Halafu akapitisha kipande cha kadibodi kando ya kila mpira, taratibu, akitafuta alama ya unyevu. Kilibaki kikavu.

Mama Adero alimletea uji kwenye kikombe cha bati.

"Yule kijana je?"

"Wamemfungua mkono mara mbili. Kidole wamekitoa. Mkono umebaki."

Mama Adero alitikisa kichwa. "Kitundu cha sindano," alisema. Akarudi kwenye omena yake.

Owiti alikaa hospitalini siku kumi na mbili. Alipotoka alimpigia Mukhwana simu. Waliongea kidogo. Mwishoni Owiti alisema anajaribu kushika kijiko kwa vidole vilivyobaki na kinaanza kutii.

"Taratibu," Mukhwana alimwambia.

Alikuwa amelala chali chini ya greda huko Asembo, oili ikimdondokea shingoni. Aliweka simu kifuani, akafumba macho kama dakika mbili, kisha akapapasa nyasi kutafuta spana.