Mzee wa Chuma na Mbabula ya Mama

Mtaa wetu mzima wa Kimanga unajua nina hasira, na sikatai. Nilizaliwa wa mwisho, nikalelewa nikiambiwa kila siku nyamaza, wakubwa wanasema. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa aliponipigia simu mchana ule kutoka Kavimvira, anakofanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu mpakani, akaniambia, "Weye na redio yako munanitukana mbele ya watu," sikumwomba msamaha.

"Nani alitaja jina lako?" nikamwuliza. "Kumbe unajijua!"

Nikakata simu.

Mimi ninaandika hadithi kwa redio ndogo ya hapa mjini. Kila Alhamisi jioni, kabla ya habari, ninaisoma mwenyewe, halafu wasikilizaji wanapiga simu kubishana. Majira yale hadithi ilikuwa ya roboti. Wengi walikuwa wamesikia habari za zile za Kinshasa zinazosimama njia panda na kuongoza magari, basi nikaona, ngoja niwaletee moja hapa kwetu. Ya kwangu ilinunuliwa na mchuuzi wa mikeke, samaki wa ziwa letu, kabla hajazaa mtoto wake wa kwanza. Ilichota maji ziwani, ilifukuza inzi kwenye ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa, ilibeba watoto mgongoni mmoja baada ya mwingine mpaka wote wakakua. Wasikilizaji wakaipa jina wenyewe: mzee wa chuma.

Nilianza kwa mzaha tu. Aliyeharibu mzaha ni mama.

Ninaishi na mama katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Nikiwa naandika, yeye hukaa mkekani anachambua maharage, na midomo haitulii.

"Ule muzee wako, magoti inamuuma?"

"Ni chuma, mama."

"Chuma ya hapa karibu na maji haiumi? Andika magoti inalia. Asubuhi zaidi."

Nikaandika. Siku nyingine akaniambia, "Andika anatia chumvi mu chai, anafikiri ni sukari." Nikacheka sana, aka, mama, weye mutu wa vituko! Halafu nikachukua kikombe changu, chai aliyoniwekea yeye mwenyewe, nikanywa. Chumvi. Nilimeza yote huku ananitazama.

Basi mzee wa chuma akaanza kuzeeka kila Alhamisi, na mji ukaanza kugawanyika. Mchungaji mmoja akapiga simu: Mungu alipuliza pumzi kwenye udongo, hakupuliza kwenye bati. Dereva wa pikipiki akasema pikipiki yake pia inakohoa asubuhi, je, tuipeleke hospitali? Mama mmoja wa sokoni akamjibu palepale: "Pikipiki yako haisahau. Ule iko anasahau. Mwenye anasahau alikuwa anajua, na mwenye alikuwa anajua iko muntu." Nikasikia fundi wa mitambo anacheka nyuma ya kioo cha studio, lakini mimi sikucheka.

Kelele kubwa zaidi ilikuja siku ya maji ya kunawa. Kwetu, chakula kikiwekwa, mwenye birika anaanza na mkubwa wa nyumba kwa umri, na wengine wote wanangoja hata kama njaa inawaua. Katika hadithi, siku moja mzee wa chuma akanyoosha mikono yake yenye kutu, akaomba aanziwe yeye. Hali, hanywi. Lakini alikuwa ndani ya nyumba ile kabla ya watoto wote kuzaliwa. Watoto wakamcheka. Simu zilizopigwa baada ya hapo zilikula hata muda wa habari, na mkurugenzi wa redio akaniita.

Alhamisi iliyofuata nyumba yetu iliwaka moto.

Mama alikuwa amewasha mbabula, jiko letu la makaa, ndani kwa sababu ya upepo. Akaenda chumbani kunisikiliza redioni, akaisahau karibu na pazia. Mimi niko kwenye maikrofoni nasoma kwa madaha, pazia linaungua, majirani wanavunja dirisha. Walizima kabla moto haujafika kwenye dari. Nilipofika nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha watu, redio mapajani, bado inaimba. Akaniuliza kama nimesoma vizuri.

Hapo kaka akakata shauri: mama aende Runingu. Kuna shangazi kule, kuna mashamba, kuna watu wa kumwangalia mchana kutwa. Na kaka yangu si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kumchukia. Dawa za mama ni yeye. Bati la paa ni yeye. Mkubwa ni jalala, kila uchafu wa ukoo unatupwa kwake, na yeye hubeba bila kusema.

Lakini mama hakutaka. Kaburi la baba liko hapa. Kwaya yake ya akina mama iko hapa, na kila mlango wa barabara yetu kuna mtu anayemwita. "Minye nikitoka hapa," aliniambia, "nitakuwa nimeshakufa, mutanizika tu kisha." Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha.

Mimi nifanye nini? Ninajua kuandika, basi nikaandika. Alhamisi iliyofuata watoto wa mchuuzi waliamua kumtoa mzee wa chuma nyumbani, wamwite fundi anayeyeyusha vyuma na kutengeneza sufuria. Mzee akasikia nyundo zinakuja. Akajificha nyuma ya nyavu. Nikaishia hapo.

Wee! Kesho yake mji ulichemka. Kavimvira, wenye kubadilisha pesa walikuwa wanaongea hilo tu, na mmoja akasema kwa sauti: wale watoto si watu, ni fisi. Kaka yangu alikuwa amesimama pale pale, na makaratasi ya wateja mkononi. Ndipo akanipigia ile simu.

Jumapili baada ya ibada akaja na mke wake. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, na hakukaa mpaka niliposema kaa.

"Alhamisi utamumaliza ule roboti," akaanza. "Wamukate, wafanye sufuria, iishe."

"Juu ya nini?"

"Juu haiko muntu! Haikuzaliwa, haikunyonya, haina pumuzi. Muntu anazeeka, chuma inaharibika tu. Ikiharibika unatoa. Unafundisha watu kulilia bati!"

"Kama ni bati, inakuuma nini?"

"Usinijibu vile!"

"Nitakujibu vile! Hii iko nyumba ya baba, haiko ofisi yako ya mpaka!"

Mke wake akaanza kuita jina la Yesu polepole. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, macho barabarani. Akasema bila kugeuka, "Mumuulize kama anaogopa."

"Nani, mama?" kaka akauliza.

"Ule muzee. Alijificha, hapana? Kitu yenye haina uzima haijifiche. Sufuria haijajificha hata siku moja."

Kaka akageukia kwangu, kwa kuwa kwangu ilikuwa rahisi zaidi. "Umesikia? Unamuharibia mama kichwa. Siku ya moto alikuwa anasikiliza upumbavu wako!"

Neno lile liliniingia. Nilitaka kumrushia kitu, na karibu yangu palikuwa na kikombe. Ninamshukuru wifi yangu, ambaye wakati ule aliinuka akasema chakula kinapoa, tule kwanza, hakuna mtu aliwahi kuamua vizuri na tumbo tupu.

Akaleta bugali, mikeke ya kukaanga, sombe ya majani ya muhogo. Akaleta birika na beseni. Mama akasogeza kigoda chake mezani, ingawa siku nyingi alikuwa anakula mapema chumbani, akiogopa kumwaga mbele za watu. Siku ile alisogea. Akanyoosha mikono yote miwili, akaiweka juu ya mahali beseni lingekuja.

Wifi akampita, akaanza na mume wake.

Si kwa ubaya. Kwake huwa anaanza na mume, na mkono ulikwenda kwa mazoea. Kaka akanawa, macho kwenye samaki, hakuona kitu. Beseni likaja kwangu. Mimi nikaacha mikono yangu mapajani.

"Wifi," nikasema, "umepita mutu."

Hapo ndipo wote tukatazama. Mikono ya mama ilikuwa bado hewani, inatetemeka kidogo kama siku zote. Akairudisha taratibu. Akaifuta kwenye kitenge chake, mbele na nyuma, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kwa redio watu wanabishana kama ule muzee iko muntu," akasema. "Wanamaliza pesa yao ya simu. Pasta anasema haiko, mama wa soko anasema iko. Wanabishana vizuri." Akaweka mikono mapajani. "Minye hapa, hakuna hata mwenye anauliza."

Wifi akaweka birika chini, akaziba uso. Nilimtazama kaka, nikingoja apige kelele ili na mimi nipate pa kulipukia. Hakupiga. Alikuwa anatazama mikono yake, maji yanadondoka kwenye suruali. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama. Na moto?"

Akasukuma sahani yake kando.

"Ule muzee wa chuma, aseme amewasha moto, amesahau. Watoto wake wafanye nini? Wangoje siku nyumba itaungua na yeye iko ndani?" Akavuta pumzi. "Minye silali, mama. Simu ikilia, hata iko muteja tu, ninasema ni moto, mama ameungua. Sitaki kukutupa. Ninaogopa. Niambie wafanye nini."

Nilikuwa nimeandika majuma na majuma juu ya uoga wa mzee wa chuma, na sikumwandikia mtoto wake yeyote hata mstari mmoja wa uoga. Mama alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na nilianza kuogopa kwamba amesahau swali, kwa kuwa ilikuwa inatokea. Barabarani mtu alipita anauza mafuta ya mawese, akapiga kelele zake zote, akapotea.

"Wamuondolee mbabula," mama akasema. "Wasimuondolee nyumba."

Kaka akainamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku tuliyomzika baba. Kisha akainuka, akachukua birika, akapiga goti mbele ya mama. Akamnawisha yeye mwenyewe, kwa sabuni, kidole kwa kidole, na mama akamwacha afanye kama vile ilikuwa hivyo kila siku.

Tukala bugali imepoa. Tukapanga: nitapika asubuhi kabla sijatoka, kwenye jiko dogo la jirani, chai nitamwachia kwenye chupa. Mchana mama mmoja wa kwaya atakuja kukaa naye. Runingu haikutajwa tena.

Baada ya kula kaka akaenda jikoni, akatoka ameikumbatia mbabula. Ni ya chuma, nzito, imechomelewa mguu mara nyingi mpaka haijulikani upi ni wa zamani. Mama aliinunua alipoolewa. Uji wetu wa kwanza, sisi sote, ulitoka pale, na kaka yangu, mkubwa wa watoto wote, aliikuta ndani ya nyumba hii.

"Ngoja," mama akamwita.

Akaja ameshika ukuta. Akaweka kiganja juu ya chuma kile, namna unavyogusa paji la mtoto kujua kama ana homa.

"Aksanti," akaiambia. "Umetulisha. Enda muzuri, muzee."

Nilimtazama kaka. Majivu yalikuwa yanamwagikia shati lake jeupe, na hakuyapangusa. Akafika kwenye gari, akafungua buti, akasimama. Akatazama lile tairi la akiba na madumu matupu mle ndani. Akalifunga tena.

"Alhamisi," akaniambia bila kunitazama, "usimukate."

Kisha akafungua mlango wa mbele, upande anaokaa mke wake, akaiweka mbabula kwenye kiti, akavuta mkanda akaifunga. Wifi yangu alitazama kiti chake. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa.