Matuta Yaliyopuliziwa Maji

Bado nina hasira. Majirani zetu Kibamba wananiita mpole kwa sababu tu siongei.

Muhogo wa nyuma ya nyumba mama aliuleta kutoka Newala, pingili zimefungwa ndani ya khanga. Hana mbegu nyingine ya kwao, na huko kwao hakuna aliyebaki wa kumtumia nyingine. Ugonjwa wa batobato ulipoanza kukunja majani, akaja dada mmoja mtafiti na dawa mpya. Alisema ni chembe ndogo kuliko vumbi, zimebeba RNA, ambayo ni kama maagizo. Zinapenya ndani ya jani na kulisaidia kuzima virusi. Akatukataza kula kisamvu chake. Mama akamkaribisha chai.

Matuta ya kushoto aliyapulizia dawa. Ya kulia akayapulizia maji matupu, wala hakusema kwa nini. Akaondoka, bomba la kupulizia akaliacha kibandani na dawa kidogo ndani.

"Huyu binti ana roho gani?" mama akaniuliza. "Wagonjwa wawili, mmoja unampa dawa, mwenzake unamnywesha maji?"

Akalibeba bomba, akayapulizia ya kulia mpaka likatoa upepo.

Dada aliporudi na vijana wake, majani machanga yalikuwa yamenyooka pande zote. Mama akampokea anacheka. "Dawa yako kiboko, mwanangu! Hata wale uliowanyima nimewagawia."

"Umewagawia? Mama, umeniharibia kazi! Yale ya maji ndiyo ya kulinganishia."

"Sasa si ungesema?"

Hapo ndipo dada akasema na jingine ambalo hakuwahi kulitamka: dawa ni ya majaribio, kila mche ulioipata lazima ung'olewe, uchomwe. Yale ya maji tu ndiyo yangebaki ya mama.

Mama akapiga magoti. "Niachie pingili tatu tu. Ni mbegu ya kwetu."

"Hairuhusiwi. Ungefuata maelekezo."

Maelekezo gani? Kisamvu alikatazwa, hakukigusa. Mengine walimwambia nani? Chai yake walikunywa, shamba lake wakalitumia, maneno mawili ya kumweleza wakayaona mengi!

Nikasimama mbele ya vijana wake wenye majembe. "Mngemwambia!" Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka.

"Tupishe, dogo," mmoja akasema.

"Waache, baba," mama akaniambia, bado amepiga magoti.

Sikuwapisha. Wakanipita pembeni, wakaanza kung'oa matuta ya upande wa pili.