Mzaramo Aliponitania Jukwaani

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, ingawa mengi yananitoka siku hizi kwa uchovu. Ilikuwa kiangazi, hapa bustanini mjini Tabora, kwenye tamasha la jazi, ndiyo kwanza lina mwaka wa pili. Spika zote na jenereta vilikuwa vyangu. Mimi, niliyetoka Sikonge na baiskeli ya asali, darasa la nne sikumaliza! Muulize yeyote pale Isevya nyumba yangu ni ipi, atakuonyesha.

Basi, akapanda jukwaani Mzee Pazi, mpiga gitaa Mzaramo, kaletwa na treni kutoka pwani. Akaigonga maiki.

"Jamani, vyombo hivi kavileta nani? Mnyamwezi? Ndiyo maana! Babu zake walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwetu, mjukuu naye leo kabeba spika. Kazi ya ukoo hiyo!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikawaka. Suti mpya, jina langu kwenye bango, halafu naitwa mpagazi! Nikaenda moja kwa moja kwenye jenereta.

Mzee Mihambo, mpiga besi wetu wa hapa hapa, akanidaka mkono. "Unafanya nini?"

"Nazima. Nang'oa vitu vyangu. Kanitukana mbele za watu."

"Kakutukana? Yule ni mtani wako, we mtoto! Babu zetu walifika kwao wamechoka, wakapewa maji na pa kulala, utani ukaanzia hapo. Leo kakuita ndugu, wewe unatafuta swichi. Zima basi, uone kama mwakani kuna mtu atatoka pwani kuja kupiga muziki Tabora. Tamasha umelizika wewe. Panda ukamjibu!"

Nikapanda, nikaishika maiki. Nikasema, "Babu zetu walibeba kwa sababu babu zenu walikaa barazani wakingoja kuletewa! Na wewe umeletwa na treni, umelala njia nzima. Mzigo mzito kuliko yote ni wewe!"

Bustani ikalipuka. Mzee Pazi akajitupa chini. "Nimekufa! Mnyamwezi kaniua, nizikeni!" Halafu akaamka, akapiga gitaa mpaka akina mama wenye watoto mgongoni wakaingia kucheza.

Kila kiangazi akawa anarudi, na wenzake nyuma yake. Alipofariki nilipanda treni nikaenda kumzika. Nikaingia kaburini kabla hajashushwa, nikalala, nikasema sitoki bila kuku wangu, ndiyo haki ya mtani msibani. Wanawe wakacheka huku wanalia. Wakanikumbatia.

Mwaka huu vijana wamefunga vyombo jukwaani, mimi nawaelekeza nimekaa kwenye kiti, mgongo haunipi nafasi. Nikamwona kijana wa gitaa, mtani kamwambia neno moja tu, kafunga begi kaondoka. Nikaita, hakugeuka. Nilichoka kuliko siku zote nilizobeba vyuma.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayenisoma: mwenye mali kama mimi huogopwa, na anayeogopwa hataniwi, hukaa peke yake na vitu vyake. Akikutania mtu, usihesabu heshima yako imepungua. Mjibu, ucheke, umkaribishe maji. Na siku yake ikifika, nenda.

Mungu akupe watani wengi, mwanangu, akupe na kifua cha kuwabeba. Usizeeke ukiwa huna wa kukucheka.