Msuluhishi na Ukuta wa Plaiwudi

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa tatu na dakika kumi asubuhi, watu saba waliketi kuizunguka meza ndefu katika chumba cha mikutano cha kiwanda cha kushona sare. Upande wa dirishani walikaa watatu wa kampuni: meneja, afisa utumishi wake, na wakili. Upande wa mlangoni walikaa watatu waliochaguliwa na wafanyakazi mia moja na arobaini. Hao walikuwa mkata vitambaa, mzee ambaye tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku isiyo ya kazi; mpiga pasi, mwanamume ambaye ulimi wake haukujua kupanga foleni; na mama wa vifungo, aliyeendesha mashine ya kutoboa matundu ya vifungo kwa miaka tisa. Kichwani mwa meza, peke yake, alikaa msuluhishi.

Kilichowakutanisha kilikuwa mlango. Tangu Novemba, mlango wa dharura wa ukumbi wa kushonea ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa madai kwamba mashati yalikuwa yakitorokea hapo. Mkaguzi wa usalama kazini alikuja bila kupiga hodi, akauona mnyororo, akaandika onyo na kutoa siku sitini. Mtu mwenye haya angeufungua mlango siku hiyo hiyo. Meneja hakuufungua. Alitundika tangazo ubaoni kwamba yeyote aliyepeleka habari nje ataachishwa kazi siku atakayojulikana. Wafanyakazi wakasimamisha cherehani siku tatu, ndipo pande zote mbili zikakubali kumwita msuluhishi.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane. Kazini walimpachika jina la Mama Mizani, kwa kuwa, walisema, hata kitini haegemei upande. Kabla ya hapo alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka kumi na tisa. Huko aliona ndugu wawili wa tumbo moja wakishtakiana juu ya duka kwa miaka kumi na mmoja, hadi jalada lao likafungwa kwa maneno mawili: wahusika wamefariki. Aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe, akaenda nyumbani, akamwambia mumewe kwamba yeye hataki tena kuwa mtunza makaburi ya karatasi. Mumewe, fundi wa saa, hakuinua macho kutoka kwenye lenzi yake. "Basi nenda ukawashike wakiwa hai," alimwambia. Akaenda, akasomea usuluhishi, na katika miaka kumi na miwili aliyoifanya kazi hiyo alikuwa amezipatanisha benki na wajenzi, wenye maghala na madereva, na mara moja mapacha wawili wenye kiwanda cha mishumaa ambao walikuwa wakisalimiana kwa barua.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kamwe. Baada ya kikao cha pamoja alizungumza na kila upande faraghani, na kabla ya kutoka aliuliza: "Katika haya mliyoniambia, lipi nibebe na lipi niache?" La kubeba aliliandika kwenye karatasi ya mkono wa kulia. La kuacha aliliandika kwenye ya kushoto, kisha akaichana mbele ya macho yao na kuutia mkobani uchafu wake. Watu hufungua vifua vyao kwa msuluhishi kwa sababu ya karatasi ile inayochanwa, wala si kwa sababu ya cheti kilichotundikwa ukutani.

Siku hiyo ofisi yake ilikuwa inaezuliwa paa, na kampuni ikajitolea kutoa vyumba. Asubuhi, msuluhishi akifunga viatu, mumewe alimwonya.

"Mwamuzi wa mpira halali kambini kwa timu moja, mke wangu."

"Silali, naketi tu."

"Aliyeketi husinzia."

Alicheka, akaenda. Mahali pengine popote, kabla ya faragha, angegonga kuta na kukohoa, apime sauti inavyosafiri. Hapa meneja mwenyewe alimfungulia mlango wa chumba kidogo cha faragha, akamvutia kiti, akamwuliza hali ya nyumbani. Mama Mizani akaona haya kuugonga ukuta wa mwenyeji wake. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakuwahi kumsingizia mtu mwingine.

Faraghani na wafanyakazi watatu, mama wa vifungo alisogeza kiti chake karibu na msuluhishi.

"Mama Mizani, kuna neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki."

"Liteme, mwenzangu."

"Mkaguzi nilimwita mimi. Nilimpigia kwa simu ya dada yangu, ili yangu isionekane. Siku ile waya wa pasi ulipotoa cheche, mimi ndiye niliyefika wa kwanza kwenye ule mlango. Nikaushika mnyororo, na nyuma yangu watu mia wananisukuma. Cheche zilizimika zenyewe. Mimi bado sijazimika."

Mpiga pasi alimgeukia. "Dada! Hata mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, si ningekuwa nimetangaza redioni?"

Hata mkata vitambaa alicheka. Msuluhishi akauliza swali lake.

"Beba mlango," alisema mama wa vifungo. "Beba na zile cheche. Jina langu na simu ya dada yangu, viache. Nina watoto wanne na mama mzazi asiyeona. Ile mashine ndiyo macho yetu sote."

Karatasi ya kushoto ikachanwa.

Msuluhishi alivuka ukumbi hadi ofisi ya meneja, akauwasilisha mlango, akaziwasilisha cheche, wala hakuongeza hata nukta. Afisa utumishi hakuwapo. Alielezwa kwamba amekwenda kuchapa barua. Aliporudi, alimnong'oneza meneja sikioni, na meneja akaomba wote warudi kwenye meza ndefu.

"Kabla ya habari za mlango," meneja alianza, akijilamba kama paka aliyeona maziwa, "tuzungumze adabu. Wewe mama wa vifungo, uliyempigia mkaguzi kwa simu ya dada yako, ulidhani hatutajua?"

Mama wa vifungo hakumtazama meneja. Alimtazama msuluhishi, na kutazamwa vile msuluhishi hakuwahi kutazamwa tangu azaliwe.

"Mimi ndiye niliyeitwa redio," alisema mpiga pasi taratibu. "Kumbe redio ni wewe, Mama Mizani. Tena ya betri mpya."

Mkata vitambaa hakutukana, na ndilo lililouma zaidi. "Mama," alisema, "nimekata vitambaa miaka thelathini na miwili. Ukiteleza na mkasi, kitambaa hakiungiki."

Damu ilimpanda msuluhishi hadi masikioni. Miaka kumi na miwili ya karatasi zilizochanwa ilikuwa imevunjwa kwa sentensi moja, na zaidi ya hayo, mwanamke aliyemwamini alikuwa karibu kupoteza kazi mbele ya macho yake. Kusema "sikusema" kungekuwa kama mwizi kusema "sikuiba". Akasimama.

"Naomba dakika kumi. Mzee, tafadhali rudi kwenye kile chumba kidogo, ukae, useme chochote kwa sauti ya kawaida. Wakili, fuatana nami."

"Mimi?" wakili aliuliza.

"Wewe. Nataka masikio ya upande ule."

Jirani na chumba cha faragha palikuwa na stoo ya karatasi. Mlango wake haukufungwa kwa ufunguo. Ndani, kati ya maboksi, palikuwa na kiti kimoja kilichosogezwa hadi kugusa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa plaiwudi iliyopakwa rangi ikafanana na saruji. Sakafuni palikuwa na kikombe cha chai, bado vuguvugu. Juu ya kiti, daftari. Na kutoka upande wa pili, wazi kama mtu aliye mezani nawe, sauti ya mkata vitambaa ilikuwa ikihesabu kwa subira: "Kola moja, mikono miwili, mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia... Niendelee, au nianze suruali?"

Wakili aliliokota daftari. Yote yalikuwamo: cheche, mnyororo, simu ya dada, hata mama mzazi asiyeona. Hata swali la lipi nibebe na lipi niache lilikuwa limeandikwa, na chini yake limepigiwa mstari, kama kwamba ni kichekesho.

"Sikulijua hili," wakili alisema, uso umemshuka.

"Sasa unalijua. Litumie."

Walirudi. Msuluhishi aliliweka daftari katikati ya meza.

"Nani alikuwa ameketi stoo?"

Afisa utumishi alijishika vidole. "Nilitumwa, mama."

"Jengo ni letu," meneja alidakia, bila hata tone la aibu. "Stoo ni yetu, ukuta ni wetu, na masikio tunayalipa mshahara. Kosa liko wapi?"

"Kosa liko wapi?" Msuluhishi hakupaza sauti, aliishusha, na waliomfahamu wangekimbia. "Mfanyakazi wako akitoka na shati moja chini ya koti, unawafungia mlango watu mia moja na arobaini, waungue wote. Wewe umeiba neno kutoka kifuani mwa mwanamke huyu, na unaniuliza kosa liko wapi! Mwizi wa shati anaogopa, kwa sababu anajua shati si lake. Wewe huna hata hofu hiyo. Ulinifungulia mlango, ukanivutia kiti, ukaniuliza hali ya mume wangu, na kumbe masikio yako yalikuwa yameshatangulia stoo!"

Kisha akawageukia watatu wa mlangoni. "Kosa la kwanza ni langu. Sikuugonga ukuta. Niliona haya, na haya yangu imewagharimu ninyi. Mkitaka msuluhishi mwingine, nitamtafuta mimi leo hii."

Mpiga pasi alikuna kichwa. "Mama Mizani, ile redio naifuta."

"Isifutwe," alijibu. "Nimeistahili nusu. Ninyi mnasemaje?"

Mama wa vifungo alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Baki. Lakini kazi yangu?"

"Sirudi mezani," msuluhishi aliuambia upande wa dirishani, "mpaka iandikwe na kutiwa saini kwamba lolote lililopita katika ukuta ule halitatumika dhidi yake, leo wala kesho."

"Sitii saini upuuzi," alisema meneja.

Hapo ndipo wakili alipofungua kalamu yake. "Bwana meneja, mfukuze kazi kwa neno la kuiba, kisha utafute wakili mwingine. Naye atakuuliza ninalokuuliza mimi: daftari hili ni la nani?"

Sentensi ilikuwa na mistari mitatu. Meneja alitia saini kwa kalamu aliyoikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Alhamisi walikutana katika chumba cha kusomea cha maktaba, chenye kuta za mawe ambazo msuluhishi alizigonga zote nne bila kumwonea haya mtu. Mapatano yalichukua saa mbili na robo. Mnyororo utolewe siku hiyo hiyo. Mikoba ikaguliwe langoni, ya meneja ikiwamo. Tangazo liondolewe ubaoni. Mpiga pasi aliomba alitoe yeye, akalitoa pamoja na misumari yake.

Ingekuwa hadithi njema kama ingeishia hapo, lakini ilibaki taarifa. Fomu ya usuluhishi ilikuwa na visanduku viwili tu, vya kuelewana na kutoelewana. Msuluhishi aliweka alama kwenye cha kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na kisanduku cha wizi, aliandika pembeni: Katika kikao cha kwanza, upande wa kampuni ulimweka mtu kusikiliza faragha ya wafanyakazi. Hakueleza lililosemwa faraghani, kwa maana hilo alikuwa ameapa kulinda. Alieleza tu masikio yalikuwa wapi.

Mkuu wa ofisi ya usuluhishi alimwita.

"Dada yangu, hawa hutuletea mashauri manane kwa mwaka. Mambo yamekwisha vizuri. Sentensi hii ya nini?"

"Ya ukweli."

"Wanasema ulivuka mipaka. Ulipekua stoo yao."

"Waliovuka ukuta hawakuvuka mipaka, ila mimi niliyefungua mlango usio na kufuli?"

"Ifute tu, tuendelee na kazi. Hekima ni kufunika kombe mwanaharamu apite."

"Mkuu, nimelifunika kombe miaka kumi na miwili, na ndiyo kazi yangu. Lakini nafunika la watu waliokuja kwangu kwa amani. Siwezi kumfunika mwanaharamu mwenyewe."

"Basi nitalazimika kukutoa kwenye orodha ya wasuluhishi wa ofisi hii."

"Nitoe. Sentensi ibaki."

Alimtoa. Mwezi huo huo afisa utumishi aliachishwa kazi kwa barua iliyosema amekiuka maadili ya kampuni, na barua hiyo ilitiwa saini na meneja yule yule aliyemtuma stoo. Alipokuja kuomba msaada, msuluhishi alishindwa kumpatanisha, kwa kuwa alikuwa shahidi wa jambo lake. Alimwandikia jina la chama cha wafanyakazi na tarehe ya mwisho ya kulalamika, akampa na chai. Mumewe, aliyesimuliwa kila kitu tangu mwanzo, aliiweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza.

"Aliyetumwa amefukuzwa, aliyetuma yupo?"

"Yupo. Na kiti kipya amenunuliwa."

Fundi alitukana. Katika ndoa ya miaka thelathini na moja, mkewe hakuwahi kulisikia tusi lile kinywani mwake, na hakumkemea.

Tarehe 30 Juni 2017 hesabu ilikuwa hivi. Kati ya watu saba walioketi kuizunguka meza ndefu, wanne walibaki kiwandani: meneja, mkata vitambaa, mpiga pasi, na mama wa vifungo kwenye mashine yake. Watatu walikuwa wameondoka: afisa utumishi kwa kufukuzwa, wakili kwa kuiacha kazi ya kampuni kwa hiari, na msuluhishi kwa kufutwa kwenye orodha. Mlango wa dharura ulikuwa wazi.