Nani Alishika Koleo

Walimwita Makaa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Kila shati aliloingia nalo uani kwa shemeji yake lilitoka na alama nyeusi kifuani, mpaka mkewe akakata tamaa ya kumnunulia mashati meupe. Kazi yake ilikuwa kuchoma nyama. Aliianza hajaota ndevu, siku dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alipomshika mkono akampeleka nyuma ya mgahawa wa mumewe na kumwambia, "Simama hapa, mdogo wangu, uangalie moto." Akasimama. Ndevu zikaota, zikaingia mvi, naye bado amesimama.

Ua wenyewe ulikuwa mwembamba. Ukuta huku, ukuta kule, bomba linalovuja pembeni, na mlango wa chuma wa kutokea mtaani ambao haukufunguka tena kwa sababu makreti ya soda yalikuwa yamepangwa mbele yake. Ukitaka kutoka ulipita jikoni, ukaingia ukumbini, ukafika mbele ya meza ya shemeji, naye akakuuliza unakwenda wapi. Hakuuliza kwa ubaya. Shemeji alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye balaa. Bosi mbaya ukimtoroka watu wanakupigia makofi, lakini mtu mwema utamtorokaje?

Mkewe alikuwa nesi. Alipata kazi katika hospitali ya mji mwingine, akaondoka na binti yao mdogo, na makubaliano yalikuwa kwamba Makaa atawafuata mara tu atakapopatikana mtu wa kushika nafasi yake. Mara tu! Maneno hayo mawili yamefunga watu wengi kuliko pingu. Wapishi waliletwa. Wa kwanza, kwa maneno ya Makaa, aligeuza nyama kama anayefua soksi. Wa pili mkono wake ulikuwa mzito wa chumvi. Wa tatu alipika vizuri, na Makaa alipoulizwa kasoro yake alifikiri sana, akasema, "Anapiga mluzi." Mkewe alicheka kwenye simu aliposikia hilo. Ya baadaye hakuyacheka.

Ndipo shemeji alipoleta jiko la punje. Lilikuwa kubwa, jeusi, lina mfuniko kama sanduku na tangi ubavuni. Tangi unalijaza punje za mbao, yaani mbao iliyosagwa ikashindiliwa ikawa vipande vidogo kama chakula cha kuku. Unachagua kiwango cha joto, unafunga mfuniko, basi. Umeme unazisukuma punje motoni kidogo kidogo, feni inapuliza, na wewe unaweza kwenda zako kusoma gazeti.

"Hili, shemeji, ndilo litakalokupeleka kwa mkeo," alisema shemeji akilipigapiga mgongoni. "Linajipikia lenyewe. Binti yangu ataliangalia."

Binti huyo, mpwa wake Makaa, alikuwa mtu mzima aliyehitimu mafunzo ya hoteli, mtulivu, na hakupiga mluzi. Makaa hakumwona kasoro yoyote, ingawa alitafuta.

Lakini nyama ilitoka imepauka. Ilikuwa laini, ilinukia moshi vizuri, ila juu haikuwa na ganda wala rangi. Katika jiko lile moto umefunikwa kwa bati, joto linazunguka tu, na nyama inaiva kama mkate badala ya kuungua kidogo inavyotakiwa. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyekula pale kila siku na kusema chochote alichotaka, aliitazama sahani yake akauliza, "Huyu ng'ombe alikuwa mgonjwa?" Ukumbi mzima ukacheka. Jiko likafunikwa turubai, na Makaa akarudi kwenye mkaa wake.

Wiki ile mkewe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Makaa aliiogopa zaidi kuliko ukali.

"Hospitali wananipa nyumba ya familia. Ijumaa wanataka jibu, mume wangu anakuja au haji. Kama huji, nachukua chumba na manesi wenzangu, na sitakuuliza tena. Si kwamba nimekasirika. Nimechoka."

Makaa hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, rafiki yake, akamweleza habari ya nyama iliyopauka. Fundi akavua miwani yake ya kazi.

"Moto wa jiko lako unazunguka, haung'ati," alisema. "Unachotaka ni wavu wa kubabulia. Chuma kizito hasa, si hizi nyaya. Kinalinywa joto, kinalitunza, halafu kinalitema lote kwenye nyama. Lakini kina masharti. Ukikosa subira, umenunua chuma chakavu."

Shemeji aliuona wavu alioutengeneza fundi ukiwekwa ndani ya jiko la punje, akacheka mpaka akashika kiuno. "Yaani tumenunua jiko la kisasa, sasa tunalitia viraka! Kama lazima uliongezee chuma ndipo libabue, si bora mkaa?" Wala hakukosea sana, maana kwa mkaa mambo hayo yote ni bure. Ila mkaa unamtaka mtu asimame nao kutwa, na mtu mwenyewe ndiye aliyetaka kuondoka. Makaa alilisema hilo hadharani. Dada yake akainamisha kichwa. Wakakubaliana: Ijumaa mchana binti apike peke yake kwa wavu mpya. Sahani zikirudi tupu, Makaa anakwenda kwa mkewe.

Siku zile chache alimfundisha mpwa wake kwa moyo wote. Wavu upashe moto mfuniko ukiwa umefungwa, mpaka tone la maji likianguka juu yake liruke. Nyama ifute maji kwanza, kwa sababu nyama yenye maji haibabuki, inachemka. Ukishailaza, funga. Usichungulie, kila ukichungulia unalitupa joto. Na ikinata usiivute. Ikiwa tayari itauachia wavu yenyewe.

Ijumaa Makaa alisimama kwenye makreti ya soda, mikono kwapani. Dada yake alisimama mlangoni mwa jikoni na mumewe nyuma yake. Binti alifanya yote sawasawa. Alidondosha maji, yakaruka. Alifuta nyama, akailaza, akafunga mfuniko. Sauti ya nyama kwenye chuma ilisikika mpaka ukumbini.

"Mjomba, nifungue?"

"Usiniulize mimi. Mimi sipo."

Wote wakacheka, hata yeye. Lakini pua yake haikucheka. Ilikuwa imekwishaanza kazi, inahesabu kipande kipi kiko juu ya moto hasa na kipi kiko pembeni, na vidole vikajikunja kwapani vyenyewe.

Binti akafungua, mapema kidogo. Akashika kipande kwa koleo, kikanata. Akavuta, kikachanika ukingoni. Akasita. Akakitazama, akakumbuka, akakiachia, na mkono wake ukaenda kwenye mfuniko ili afunge tena angoje. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo ilivyotakiwa. Kila aliyekuwepo aliuona mkono ule ukienda kwenye mfuniko isipokuwa mtu mmoja. Makaa aliona ukingo uliochanika tu.

"Lete," alisema.

"Mjomba, nilikuwa nafunga tu..."

"Lete, lete!"

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na sijui walimjulia wapi Makaa. Alichukua koleo. Alifunga mfuniko, akangoja, akafungua, akageuza vipande vyote mfululizo bila hata kimoja kunata. Nyama ikatoka na ganda la kahawia na mistari iliyonyooka kama ya rula, na ndani imebaki na maji yake. Sahani zilirudi tupu. Fundi cherehani alisimama katikati ya ukumbi akatangaza, "Ng'ombe amepona!"

Shemeji alishangilia kuliko wote. "Nakula maneno yangu! Wavu huu una maana, tena sana. Nitaagiza mwingine." Kisha akamgeukia bintiye. "Haya, mama, utaliweza?"

Binti alijifuta mikono kwenye aproni taratibu. "Sijui, baba. Sikupika mimi."

Dada akamtazama mdogo wake, na uso wake ulikuwa na huruma, na ndani ya huruma hiyo mlikuwa na nafuu aliyoshindwa kuificha. "Basi tungoje kidogo," alisema, "mpaka mtoto azoee." Wakarudi ndani, wateja walikuwa wanaita.

Kilichomtisha Makaa si neno hilo. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa na furaha. Alipoisikia ile nyama ikiachia chuma, kifua kilimjaa furaha ya kweli, na wakati huo hakumkumbuka mkewe wala mtoto wala nyumba. Miaka yote hii aliamini kwamba shemeji ndiye kamba, na kwamba dada ndiye fundo.

Simu ikalia. Mkewe alikuwa nje ya ofisi ya hospitali.

"Wavu umefanya kazi?"

"Umefanya kazi ajabu. Ungeona ile mistari! Fundi cherehani amesema..."

"Hongera," alisema mkewe. "Nani alishika koleo?"

Makaa akatazama mkono wake. Koleo lilikuwa bado humo.

"Nyama ilinata kidogo, mama watoto. Ilibidi tu nim..."

"Nimesikia." Nyuma yake mtoto aliuliza kama baba anakuja na treni au na basi. "Ngoja niwaambie wanipe kile chumba. Watu wamepanga foleni."

Simu ikakatika. Makaa akabaki ameishika sikioni, macho yake kwenye mlango wa chuma na makreti yake. Hakuna aliyemwambia ayapange pale. Aliyapanga mwenyewe, zamani, ili apate pa kukalia.

Kutoka jikoni wakaita kwamba wateja wanataka nyama zaidi. Mpwa wake akatoka na sinia la vipande vilivyofutwa maji vizuri, akaliweka kando ya jiko. Aliuona uso wa mjomba wake, akaelewa. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe koleo, mjomba. Wahi sasa hivi, umpigie."

Wavu ulikuwa umeshika moto vizuri sana, Makaa aliusikia kwenye mashavu.

"Sawa," alisema. "Ngoja kwanza nimalizie hii."